Picha za benki za zamani ukutani kwa baba: moja halali, mbili "za kughushi"

Baba yangu alikaa nyuma ya dirisha la benki miaka 31. Alianza ukeshia Tanga mwaka 1974, miaka saba baada ya mabenki kutaifishwa, na mpaka leo ukimpa kibunda cha noti kumi atazipeperusha kwa kidole gumba huku anakuuliza habari za safari, kisha atakwambia, "Tisa hizi." Ukihesabu tena ni tisa kweli.

Desemba 2024 alitimiza miaka 75. Kaka zangu walichanga wakamnunulia kiti cha kuegemea. Mimi naishi Coventry, kazi yangu ni kuandaa mishahara ya madereva, nikawaza nimpelekee kitu ambacho Tanga nzima hukipati: picha za zamani za mabenki na mambo ya fedha, tena zikiwa kwenye fremu, tayari kutundikwa. Nilizitafuta wiki tatu usiku baada ya kazi. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye wazo kama langu, kwa sababu nilijifunza mambo ambayo maelezo ya duka hayakuniambia, na mengine nilifundishwa na mzee mwenyewe.

Nilinunua tatu kwenye duka moja la mtandaoni la huku Uingereza. Jina silitaji, nina malalamiko nalo. Moja ilikuwa karatasi halisi ya mwaka 1808, pauni 135. Nyingine mbili zilikuwa nakala zilizochapwa juzijuzi, pauni 62 kila moja. Jumla pauni 259, ambazo kwa shilingi zetu zilikaribia laki nane, na hapo sijahesabu mzigo.

Nianze na ile ya bei, maana ndiyo niliyodhani itamtoa baba machozi.

Inaonyesha ukumbi mkuu wa Bank of England jijini London, watu wakiwa wamekuja kuchukua na kubadilisha fedha zao. Imetoka kwenye kitabu kikubwa cha picha za London kilichotolewa na Rudolph Ackermann kati ya 1808 na 1810, majuzuu matatu, picha 104. Watu wengi walikwishakikata kitabu hicho na kuuza kurasa moja moja, ndiyo maana hata mtu wa mshahara kama mimi naweza kupata ukurasa. Wachoraji walikuwa wawili na waligawana kazi: Augustus Pugin alichora jengo, Thomas Rowlandson akachora watu. Na kweli unaliona hilo. Kuta na madirisha yamenyooka kama yamepigwa rula, lakini watu wana matumbo, wana migongo iliyopinda, wanasukumana na kunong'onezana. Pugin angeachiwa peke yake ungekuwa ukumbi wa maiti.

Haikuchapwa kwa rangi jinsi ninavyoiona leo. Walipaka unga wa utomvu juu ya bamba la shaba, wakalichovya kwenye tindikali ikala pale unga ulipoacha nafasi, wakapiga chapa, halafu vibarua wakakaa wanapaka rangi za maji kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo hakuna karatasi mbili zinazofanana sawasawa. Kwenye ya kwangu koti la bwana mmoja rangi yake imemwagikia sakafuni kidogo. Kosa hilo ndilo nililolipenda kuliko yote.

Sasa safari. Duka liliifunga vizuri kwa ajili ya posta ya huku, lakini fremu yake ilikuwa na kioo cha kweli, na mimi kwa ujinga wangu nikaiweka kwenye sanduku kati ya mablanketi. Nakala mbili zilikuwa na plastiki ngumu badala ya kioo, zikafika salama. Ile ya 1808 nilipofungua sanduku sebuleni mbele ya ukoo mzima ilikuwa inalia kama mfuko wa misumari. Mama akasema, "Bismillahi, umetuletea nini mwanangu, vigae?" Bahati nzuri karatasi haikuchanika. Ukitaka kusafirisha kitu cha namna hii kwa ndege, omba plastiki, au omba karatasi tupu iliyowekwa kati ya kadibodi mbili ngumu, fremu utengeneze huko uendako. Fundi fremu wa Ngamiani, palepale Tanga, aliniwekea kioo kipya siku hiyohiyo, na kazi yake ilikuwa nadhifu kuliko ya duka.

Baada ya chakula baba akazipanga zote tatu juu ya meza ya kulia. Hakusema zinapendeza wala hazipendezi. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na lenzi yake ya kazini, ile ndogo ya duara ambayo alikuwa akiitumia kukagua noti zilizomtia shaka. Akainama.

Alianza na ya 1808. Akakaa kimya kama dakika mbili. "Njoo uone," akaniambia. Chini ya lenzi, pale ambapo jicho tupu linaona kivuli laini cha ukuta, kulikuwa na vimstari vya mviringo vilivyoshikana, kama tope la bwawa lililokauka likapasuka. Hiyo ndiyo alama ya ule unga na tindikali. Pembeni mwa picha kidole kilihisi bonde dogo, mahali bamba la shaba lilipoikandamiza karatasi yenye unyevu. Kisha akahamia nakala. Chini ya lenzi ileile kulikuwa na vitone tu, vya buluu, vya waridi na vya njano, vimetawanyika kama vumbi. Na karatasi yake ilikuwa tambarare mwanzo hadi mwisho.

Akaweka lenzi chini. "Hii moja ni halali. Hizi mbili ni za kughushi."

Nikamwambia si za kughushi, baba, ni nakala, na duka limeandika wazi kwamba ni nakala. "Hata mhalifu huandika," akasema, na kaka zangu wakaangua kicheko. Lakini somo lake nawaachia bure: kabla hamjalipa bei ya kitu cha asili, ombeni muuzaji awapigie picha ya karibu sana, kwa lenzi, sehemu yenye kivuli. Mkiona vitone vya rangi, hiyo imetoka kwenye mashine ya leo hata kama fremu yake ina nakshi za dhahabu. Mwombeni pia picha ya mgongo wa karatasi na ya kingo zake. Anayekataa, achaneni naye.

Picha ya pili ni ya William Hogarth, ya mwaka 1721, kuhusu kuporomoka kwa hisa za kampuni ya South Sea. Hisa moja ilianza mwaka 1720 ikiwa kwenye pauni mia na ishirini na ushee, ikapanda hadi karibu 1,000 katikati ya mwaka, na kabla mwaka haujakwisha ilikuwa imerudi ilikotoka. Hogarth amechora bembea la kuzunguka kama lile la sikukuu, watu wa kila daraja wamelipanda, na pembeni Shetani anamkatakata mwanamke mwenye jina la Bahati na kuwarushia umati vipande vya nyama. Mama aliitazama kidogo akasema, "Hawa si ndio wale wa kupanda mbegu?" Alimaanisha upatu ule ambao watu waliweka fedha kama mbegu wakiahidiwa kuvuna zaidi. Aliyekuwepo Tanzania miaka ile anaujua, na anajua pia kwamba shangazi fulani hajarudishiwa mbegu zake hadi leo.

Jambo moja ambalo picha haionyeshi na maelezo ya duka yamelipita kimya: kampuni hiyo haikuuza ndoto tupu. Kuanzia 1713 ilikuwa na mkataba wa kupeleka watumwa kutoka Afrika kwenye makoloni ya Hispania ya Amerika, watu 4,800 kwa mwaka kwa mujibu wa mkataba. Hisa zilizokuwa zikibembea zilikuwa na watu ndani yake. Ukishalijua hilo, vile vipande vya nyama unavitazama kwa jicho jingine.

Hapa ndipo malalamiko yangu ya kwanza yalipo. Chini ya picha hii Hogarth aliweka mashairi ya kueleza kinachoendelea. Duka limeyakata! Nadhani picha yenye maandishi haikutosha kwenye fremu ya kipimo chao, wakaona wapunguze miguu ili kitanda kitoshe. La pili, nakala zote mbili wamezitia rangi ya hudhurungi kama chai iliyomwagika, ili zionekane kuukuu. Karatasi nzuri ya zamani iliyotunzwa haiwi hivyo, ile ya 1808 ni nyeupe kuliko daftari la shule la leo. Niliwaandikia. Baada ya barua pepe tatu walinirudishia nusu ya bei ya Hogarth, bila kubishana sana. Hilo nawashukuru.

Ya tatu ndiyo iliyobadilisha siku.

Ili uielewe lazima urudi mwaka 1797. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa. Februari mwaka huo kikosi kidogo cha Wafaransa kilitua Fishguard, pwani ya Wales, watu wakaingiwa hofu wakakimbilia benki kudai dhahabu yao. Dhahabu ilikuwa inaisha. Serikali ikaiamuru Bank of England iache kulipa dhahabu kwa noti zake, na hali hiyo ilidumu hadi 1821. Kuna katuni maarufu ya James Gillray ya mwaka huohuo: benki ni bibi kizee aliyevaa gauni lililoshonwa kwa noti, amekalia sanduku la fedha, na waziri mkuu William Pitt anajifanya kumbusu huku mkono wake uko mfukoni mwa bibi. Mpaka leo Waingereza huiita benki ile "Bibi Kizee", na jina lilianzia hapo. Nilitamani kuinunua. Lakini bibi anapiga kelele kwamba anabakwa, na hiyo si picha ya kumpa baba mzazi mbele ya wakwe.

Basi dhahabu ilipofungiwa, benki ikatoa noti ndogo za pauni moja na pauni mbili ili watu wa kawaida wawe na pesa ya kununulia mahitaji. Kabla ya hapo noti ndogo kabisa ilikuwa ya pauni tano, na kibarua hakuigusa maishani mwake. Hizi mpya zilichapwa upande mmoja, wino mweusi, karatasi nyeupe. Mtu yeyote mwenye bamba, wino na mkono mzuri aliweza kuziiga. Zikaigwa. Adhabu ya kughushi ilikuwa kifo, na adhabu ya kuitoa noti bandia ukijua ni bandia ilikuwa ileile. Watu zaidi ya 300 walinyongwa, wengi wao wakiwa maskini waliokamatwa na noti moja au mbili sokoni.

Mwaka 1819 mchoraji George Cruikshank na mchapishaji William Hone wakatoa noti yao. Kwa mbali ni noti ya benki. Ukisogea, katikati kuna mti mrefu wa kunyongea, wanaume kwa wanawake wananing'inia kwa safu. Alama ya pauni imesokotwa kwa kamba ya kitanzi. Mahali ambapo noti ya kweli huwa na Britannia, mwanamke wa nembo aliyeketi kwa heshima, hapa anamla mtoto. Na sahihi ya mtunza fedha ni ya J. Ketch, jina ambalo Waingereza humwitia mnyongaji yeyote. Watu walijazana mbele ya duka la Hone kuinunua.

Duka langu, kwenye maelezo, limeiita "noti ya kihistoria ya mapambo". Nina hakika aliyeandika hakusogea karibu.

Mama alisogea. "Mnataka kuning'iniza watu waliokufa sebuleni kwangu?" Akauchukua mkoba wake akaenda kusali.

Baba yeye aliishika fremu kwa mikono miwili kama mtu anayesoma barua. Akatuambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yangu yote. Keshia akipokea noti bandia bila kuiona, jioni wakati wa kufunga hesabu droo yake inapata shoti, yaani fedha zinapungua, na shoti analipa mwenyewe kutoka mshahara wake. Mwaka mmoja, sisi tukiwa wadogo, alipata shoti kwa noti za aina hiyo, akakatwa mshahara miezi mitatu. Aliyempa alikuwa mama mmoja muuza samaki ambaye naye alipewa na mtu mwingine. Kesho yake mama yule alirudi kuweka akiba kama kawaida. "Nilimjua. Nilijua ni yeye. Ningepiga kengele, polisi wangemchukua." Hakupiga. Alimhudumia, akamgongea muhuri kitabu chake, akaita, "Anayefuata."

Kisha akacheka. "Na wewe binti yangu, umelipa pauni 62 kununua noti bandia ya noti bandia."

Nilimweleza kwamba yale mauaji hayakuendelea daima. Noti za pauni moja ziliondolewa baada ya dhahabu kurudi mwaka 1821, na mtu wa mwisho kunyongwa Uingereza kwa kughushi alinyongwa mwaka 1829. Akaitikia kwa kichwa tu, akageukia habari ya pauni. Akakumbuka kwamba alipokuwa mtoto, wazee wa Tanga waliiita shilingi ishirini "pauni", kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1921 ishirini zake zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. "Kumbe ndiyo hii," akasema, akigonga plastiki kwa ukucha.

Kuhusu kutundika, nina machache kwa wanaokaa pwani. Tanga ina joto na unyevu, na kuta za saruji hutoka jasho. Usiibandike fremu ikagusana na ukuta. Fundi wa Ngamiani alibandika vizibo vinne vya chupa mgongoni, kwenye pembe, hewa ipite. Mgongo wa fremu za duka ulikuwa wa kadibodi nyembamba iliyoshikizwa kwa pini na kuachwa wazi kingo, mlango wa wadudu na vumbi. Akaufunga wote kwa gamu ya karatasi. Ile karatasi nene nyeupe inayoizunguka picha nayo uliza kama haina asidi, la sivyo baada ya miaka itaacha mstari wa kahawia juu ya picha. Nakala zangu hazikuandikwa chochote kuhusu hilo, nikabadilisha zote. Na jua la asubuhi lisizifikie, hasa ya 1808, rangi za maji huondoka kimyakimya.

Baada ya miezi kadhaa naona nani kashinda. Ukumbi wa Bank of England, pauni zangu 135, uko juu ya runinga na wageni wanaisifu fremu yake. Baba anaupita kama anavyoipita saa. Aliutazama vizuri mara moja tu, akasema, "Watu wamejazana kama soko la Mgandini, hakuna hata foleni." Hogarth yuko chumba cha wageni, na dada yangu aliyachapa yale mashairi yaliyokatwa kwenye karatasi ya kawaida akayabandika chini yake. Ningeulizwa leo, ningenunua asili moja ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya lenzi, na nakala nzuri isiyokatwa wala kutiwa chai ya kitu chenye maneno ya kusema.

Noti ya Cruikshank iko ukumbini, njia ya kwenda chumbani kwa baba, baada ya mazungumzo marefu na mama. Mapema mwaka 2025, Benki Kuu ilipoanza kuzipokea noti za zamani za shilingi zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, baba alilifungua kopo lake la biskuti akapeleka zote kabla ya tarehe 5 Aprili, siku ya mwisho. Zote isipokuwa moja ya mia mbili. Hiyo ameichomeka kwenye pembe ya fremu, chini ya miguu ya wale walionyongwa. Mama naye ameweka msumari wa pili juu ya ule wa kwanza, na kila anaposikia hodi anaharakisha kutundika kalenda.